Kapasita tatu zimevimba kwenye tivi: nibadilishe mwenyewe au ninunue bodi nyingine?

Swali:

"Fundi, habari ya kazi. Naishi Umoja, hapa Nairobi, na mama yangu. Tuna tivi ya inchi 32 tuliyoinunua miaka sita iliyopita. Wiki mbili zilizopita stima ilipotea usiku kucha, na iliporudi asubuhi tivi ikakataa kuwaka. Taa nyekundu inawaka na kuzima, na nikitega sikio nyuma nasikia tik, tik, tik. Fundi wa mtaani aliifungua akanionyesha kapasita tatu zilizovimba kichwa, mbili za mikrofaradi 1000 volti 16 na moja ya 470 volti 25. Akasema stima ilirudi na nguvu ikazipasua, kwa hiyo bodi yote ya umeme imeungua, nimpe shilingi 4,500 anitafutie nyingine. Fundi wa pili anasema 1,200 na atabadilisha hizo tatu tu. Binamu yangu naye anasema kazi hii ni rahisi, nifanye mwenyewe, na tayari nimenunua chuma cha solda pale mtaa wa Luthuli. Duka nililoingia halikuwa na za volti 16. Waliniambia nichukue za 25 au za 10, eti zote zitafanya kazi. Niambie ukweli: ni stima iliyoiua? Nibadilishe hizo tatu tu? Na kuna hatari gani ya kupigwa na umeme ilhali nimeichomoa ukutani?"

Jibu:

Dadangu, umefanya vizuri kuandika namba za kapasita na kueleza ule mlio. Wengi huniletea neno moja tu, "imekufa", nami nabaki kubahatisha. Kwa maelezo yako naweza kukuambia mengi bila kuiona tivi yenyewe, na pale ambapo lazima mtu aweke mita nitakuambia hivyo.

Nianze na bodi, kwa sababu 4,500 si pesa ya kuokota. Sidhani bodi yako imeungua. Stima inaporudi na nguvu iliyopita kiasi, tuseme waya wa nyutro umekatika huko kwenye nguzo, nyumba inayostahili volti 240 inaweza kupata zaidi ya 300. Pigo la namna hiyo huingilia mlangoni. Fyuzi hukatika na kioo chake kugeuka cheusi. Kile kidude cha bluu kilicho bapa kama sarafu, kando ya fyuzi, hupasuka. Mara nyingi ile kapasita kubwa ya volti 400 au 450 na transista inayoifuata, ile swichi ya kukata na kuunganisha umeme, huenda nazo. Tivi iliyopigwa hivyo huwa kimya kabisa, haina taa wala mlio.

Yako ina taa na ina mlio. Umeme unaingia, fyuzi ni nzima, na upande wa kwanza wa bodi, unaopokea umeme wa ukutani, unajaribu kufanya kazi yake. Hiyo tik, tik ni saketi inayodhibiti umeme: inaanza, inakuta volti ndogo za upande wa pili, zinazokwenda kwenye picha, hazisimami sawasawa, inajizima isije ikaumia, inangoja kidogo, halafu inajaribu tena. Inaweza kuendelea hivyo kutwa nzima. Kwangu mimi huo ni mlio wa bodi inayojilinda, na bodi inayojilinda kwa kawaida inatengenezeka.

Sasa utauliza: mbona ilikufa usiku uleule stima ilipopotea? Hapo ndipo hata mafundi wazuri hukosea, na simlaumu aliyekuambia hivyo, kwa sababu kwa macho mambo yanafuatana kabisa. Ili uone sababu yenyewe, nikupeleke ndani ya kapasita.

Niliwahi kuikata moja iliyokufa, nikiwa na glavu, ili niwaonyeshe vijana wanaojifunza kwenye meza yangu. Ukiondoa ganda la alumini unakuta msokoto kama mkeka uliokunjwa: utepe wa alumini, karatasi, utepe mwingine wa alumini, karatasi tena. Utepe mmoja umefunikwa na ngozi nyembamba mno ya oksidi, na ngozi hiyo ndiyo inayouzuia umeme usivuke. Karatasi huloweshwa kwa maji maalumu yanayopitisha umeme, ambayo mafundi huyaita elektroliti. Kwenye kapasita nzima karatasi hiyo hulowesha vidole. Ile niliyoikata ilikuwa kavu kama ganda la kitunguu, na nilipojaribu kuikunjua ilivunjikavunjika mkononi.

Kazi yake ni ile ya tenki la maji juu ya paa, na wewe wa Umoja huhitaji kuelezwa tenki ni la nini. Maji ya mgao huja kwa vipindi, lakini bomba la jikoni linataka maji yanayotiririka sawa wakati wote, kwa hiyo tenki hupokea kwa pupa na kutoa kwa utaratibu. Bodi ya umeme ya tivi hukata na kuunganisha umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde moja. Kila mara kapasita hujaa kidogo na kutoa kidogo, na upande wa pili unaonekana kama umeme uliotulia.

Kapasita inapozeeka, elektroliti hupenya taratibu kupitia mpira ulio chini, kwenye miguu yake. Inavyokauka, ukinzani wa ndani unapanda. Sasa fikiria tenki limejaa lakini bomba linalotoka ndani yake limeziba kwa kutu: maji yapo, ila hayatoki kwa kasi inayotakiwa. Hiyo ndiyo kapasita mbovu. Ubaya wake ni kwamba umeme ukipita kwenye ukinzani huo unazalisha joto, joto linakausha zaidi, ukinzani unapanda zaidi. Huku nyuma, elektroliti inapoila alumini hutoa gesi ya haidrojeni, na shinikizo linajengeka. Ndiyo sababu kichwani kuna ile mikato ya mfano wa X au K. Watengenezaji waliiweka makusudi, ili ganda livimbe na kufunguka hapo polepole badala ya kulipuka. Uvimbe uliouona ulikuwa ukijengeka kwa miezi, na yawezekana ulikuwepo hata mlipokuwa mkitazama taarifa ya saa tatu bila wasiwasi wowote.

Na hapa kuna jambo linalofungua fumbo lote. Ukinzani wa ndani wa kapasita hizi hupanda zikiwa baridi na kushuka zikiwa na joto. Tivi iliyochomekwa ukutani siku zote, hata ukiizima kwa rimoti, sehemu ya bodi yake haizimi, kwa hiyo inabaki na joto kidogo usiku na mchana. Kapasita iliyochoka inaweza kuishi kwa joto hilo muda mrefu. Halafu inakuja usiku mmoja stima inapotea, bodi inapoa mpaka ndani, na asubuhi kapasita inaombwa ianze kazi ikiwa baridi kabisa. Haiwezi. Kwa hiyo stima haikuiua tivi yenu. Iliinyima tu joto lililokuwa likiishikilia. Jaribu kukumbuka: miezi ya mwisho, mlipoizima ukutani na kuiwasha tena, ilikuwa ikichelewa kuwaka, au kuwaka kwa jaribio la pili? Kama ndiyo, ilikuwa ikiwapa ishara.

Hili nalisema pia kwa ajili ya wanaodhani kile kifaa cha kulinda tivi kinachochomekwa ukutani kingeiokoa. Kifaa hicho ni kizuri dhidi ya volti zinazoruka, na mkiwa nacho kiendelee kutumika. Lakini hakiwezi kuzuia kapasita kukauka.

Kinachoamua kapasita itaishi muda gani ni joto kuliko kitu kingine chochote. Kila kapasita ya aina hii imeandikwa ubavuni nyuzi za joto, kwa kawaida 85 au 105, na kiwandani hupewa saa za maisha kwenye joto hilo. Kanuni tunayoitumia ni rahisi: ukishusha joto kwa nyuzi 10, maisha yanaongezeka mara mbili. Chukua kapasita ya nyuzi 105 ya saa 2,000 na uiweke kwenye bodi ambayo ndani kuna nyuzi 65. Umeshuka nyuzi 40, yaani umezidisha kwa mbili mara nne: saa 32,000. Kwa familia inayotazama saa tano kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka 17. Sasa chukua ya nyuzi 85 ya saa 1,000, mahali palepale. Unapata saa 4,000, miaka miwili na kitu. Kwa macho hazitofautiani, na bei inapishana kidogo sana. Ukiwa dukani, hiyo namba 105 ndiyo ya kwanza kuisoma.

Nikiwa bado kwenye ununuzi, nikujibu kuhusu volti. Za volti 25 mahali pa 16, sawa kabisa. Volti iliyoandikwa ni kiwango cha juu ambacho kapasita inavumilia, haibadilishi volti za tivi. Za volti 10 usizikubali hata ukipewa bure. Kapasita ya volti 16 kwenye bodi ya tivi kwa kawaida imekaa kwenye njia ya volti 12. Ukiweka ya 10 hapo umeipa mzigo kuliko uwezo wake siku ya kwanza, itachemka na kufunguka. Muuzaji aliyekuambia zote zitafanya kazi alikosea kwa nusu, na nusu hiyo ndiyo ya hatari. Sharti la volti 25 ni kwamba itoshe, maana huwa nene au ndefu zaidi. Pima kipenyo na urefu wa ile ya zamani kwa rula kabla hujatoka nyumbani, na uangalie kwamba haitagusa sahani ya kupoza joto iliyo jirani.

Mikrofaradi, yaani uwezo wa kapasita kubeba chaji, zibaki zilezile. Wengine huamini kubwa ni bora, wakaweka 2200 mahali pa 1000. Bodi ilipangwa kuanza ikiwa na mzigo fulani wa kujaza, na ukiuongeza mno saketi ya kujilinda inaweza kuona kama kuna shoti, ukarudi kwenye tik, tik uliyoikimbia. Omba pia zile zilizotengenezwa kwa ajili ya bodi za umeme za kukata na kuunganisha, zenye ukinzani mdogo wa ndani. Muuzaji anayeijua kazi yake ataelewa mara moja.

Luthuli na River Road kuna maduka mazuri na kuna mengine ya kupimia macho. Bandia ninazokutana nazo ni ganda kubwa lenye kapasita ndogo ndani. Ukizishika mbili za namba moja na moja ni nyepesi kama ganda tupu, iache. Mwombe muuzaji aipime mbele yako, na mwenye mali halisi hatakasirika. Usichukue zilizong'olewa kwenye bodi kuukuu hata kama vichwa vyake ni bapa, kwa sababu umri wake huujui na joto zilizokula hulijui.

Hapo napata njia ya kurudi kwenye ile bodi ya 4,500. Muulize fundi huyo inatoka wapi. Bodi nyingi "nyingine" hapa mjini zimetolewa kwenye tivi zilizovunjika kioo. Si kosa, mimi pia nazitumia pale bodi ya mteja imeungua kweli. Lakini ina kapasita za umri ule ule, zilizokaa kwenye joto lile lile. Utalipa karibu mara nne ili upate ugonjwa ambao bado haujavimba.

Je, ubadilishe hizo tatu tu? Hapa namwambia fundi wa pili jambo moja kwa heshima: kapasita kuvimba ni dalili, na kutovimba si cheti cha uzima. Karibu kila bodi ya aina hii ina kapasita ndogo, mara nyingi ya mikrofaradi 22 au 47 na volti 50, upande wa umeme mkali wa ukutani, jirani na aisii, ile chipu nyeusi inayodhibiti bodi. Ndiyo inayoilisha aisii hiyo. Ni ndogo, haivimbi, mara nyingi imekaa karibu na kitu chenye joto, na ikikauka inatoa mlio uleule wa tik, tik. Nimepokea bodi ambazo kapasita zote zilizovimba zilibadilishwa na tivi haikuwaka, kumbe tatizo lililobaki lilikuwa hako kadogo. Mimi nikifungua bodi yenye tatu zilizovimba, nabadilisha hizo, nabadilisha na hako, na napima zilizobaki upande wa pili.

Kupima nako kuna mtego. Mita ya kawaida husoma mikrofaradi, na kapasita inaweza kusoma 900 kati ya 1000 ukadhani ni nzima, ilhali ukinzani wake wa ndani umepanda mara kumi. Tenki limejaa, bomba limeziba, na wewe umepima tenki. Kuna mita maalumu ya kupima ukinzani huo, hata kapasita ikiwa bado kwenye bodi. Ya 1000 volti 16 iliyo nzima husoma sehemu ya kumi ya omu au chini ya hapo. Ikisoma omu moja au mbili, imekwisha, hata kama kichwa chake ni bapa kama meza. Fundi pia anapaswa kupima dayodi (vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za upande wa pili, zilizo karibu na kapasita hizo, kwa sababu dayodi yenye shoti hutoa dalili hizihizi. Kama ndiyo, kapasita mpya peke yake hazitasaidia kitu.

Ukiona kitu cha kahawia chini ya kapasita, usihukumu haraka kwamba imevuja. Mara nyingi ni gundi ya kiwandani iliyowekwa ili sehemu zisitikisike, ikabadilika rangi kwa joto. Elektroliti iliyovuja huacha ukoko, hula shaba ya bodi, na ukiipasha moto wakati wa kusolda hutoa harufu inayofanana na samaki. Gundi iliyogeuka nyeusi hata hivyo ikwanguliwe, maana ikizeeka inaweza kuanza kupitisha umeme.

Sasa hatari. Hili lisome polepole, na umsomee binamu yako.

Ndiyo, tivi iliyochomolewa inaweza kukupiga. Ile kapasita kubwa niliyoitaja, ya volti 400 au 450, hujazwa na umeme wa ukutani uliokwisha kunyooshwa kuwa wa moja kwa moja (DC). Kwa volti 240 zetu, kilele chake ni takriban 340. Kama ni ya mikrofaradi 120, imebeba karibu juli 7. Huo ni mshtuko wa kukurusha mkono, kukuchoma, na kwa mtu mwenye moyo dhaifu sitaki kufikiria. Bodi nyingi zina rezista za kumwaga chaji hiyo baada ya kuchomoa, lakini unaifungua bodi hii kwa sababu kuna kitu kimekufa ndani yake, na kilichokufa kinaweza kuwa hicho. Kwako zimepita wiki mbili, kwa hiyo yamkini imekwisha. Yamkini haitoshi. Inapimwa.

Watu humwaga chaji kwa kuilaza bisibisi juu ya miguu miwili. Usifanye hivyo. Cheche inaruka, chuma kinayeyuka, na kapasita yenyewe inaumia. Njia ya sawa ni rezista ya omu 2,200 yenye wati 5, iliyounganishwa na nyaya zenye mpira na ncha za kushika vizuri, unaishikiza kwenye miguu ya kapasita kwa sekunde kumi, mkono mmoja ukiwa mbali. Kisha unapima kwa mita iliyowekwa kwenye volti za umeme wa moja kwa moja, kiwango cha juu. Baada ya dakika moja unapima tena, kwa sababu kapasita hizi zina tabia ya kurudisha volti kidogo baada ya kumwagwa. Kama huna mita, au huna hakika kapasita kubwa ni ipi, kazi yako inaishia kwenye skrubu za kifuniko. Na haya yote ni kwa tivi bapa kama yako. Oveni ya maikrowevu na zile tivi za zamani za mgongo mrefu zina umeme wa maelfu ya volti, na kwa hizo jibu langu ni fundi, basi.

Itazame bodi yako kwa nyuma utaona mstari au nafasi tupu inayoigawa vipande viwili. Upande uliko waya wa ukutani na kapasita kubwa ni upande wa umeme mkali. Upande wa pili, zinakotoka nyaya za kwenda bodi kuu ya picha, ni wa volti ndogo. Kwa kawaida kapasita zako tatu ziko upande huo wa pili. Ndiyo maana sitakukataza kuzibadilisha. Kwa mwanafunzi makini, baada ya kapasita kubwa kupimwa na kuonekana tupu, ni kazi inayowezekana. Hako kadogo kalicho upande wa umeme mkali mwachie mtu mwenye uzoefu.

Lakini usijifunzie kwenye tivi ya mama. Tafuta bodi iliyokufa kabisa, ya redio au chaja kuukuu, ung'oe kapasita kumi na kuzirudisha. Mpaka ile ya kumi itoke bila kubandua shaba, hauko tayari. Bodi hizi mara nyingi zina shaba upande mmoja tu, na duara zake hubanduka ukizipa moto mrefu au ukivuta kwa nguvu. Chuma kiwe karibu nyuzi 350. Kabla ya kung'oa, ongeza solda mpya yenye flaksi, ile dawa ya kuisaidia solda kushika, kwenye kila mguu. Inaonekana kama kurudi nyuma, lakini solda mpya huilainisha ile ya kiwandani, ambayo siku hizi haina risasi na huyeyuka kwa joto kubwa zaidi. Pasha mguu mmoja, inamisha kapasita kidogo, pasha wa pili, inamisha, itatoka yenyewe. Matundu yasafishe kwa utepe wa shaba wa kunyonya solda. Usiyatoboe kwa sindano.

Na kabla ya yote hayo, piga picha. Kapasita hizi zina upande hasi, ule wenye mstari ubavuni, na ukigeuza inafunguka ndani ya muda mfupi. Nilipokuwa mwanagenzi nilikuwa nimezoea bodi ambazo nusu duara iliyopakwa nyeupe ni upande hasi. Siku moja nikashika bodi iliyochapishwa kinyume, nikaweka kwa mazoea bila kuangalia ile ya zamani ilikaaje. Nilipowasha ilipasuka na kurusha maji ya moto na vipande vya karatasi mpaka kwenye dari. Uso wangu ulikuwa umegeukia mlangoni kumjibu mtu. Tangu siku hiyo siwashi bodi niliyoigusa bila miwani ya kinga, na napiga picha hata za bodi ninazozijua kwa moyo.

Kama baada ya kusoma haya unaona mikono haijawa tayari, nenda kwa fundi wa 1,200, ila umwulize mambo matatu kabla ya kumwachia: ataweka za nyuzi 105? Atabadilisha na ile ndogo ya aisii? Atapima dayodi? Uone pia kama mezani pake pana balbu ya zamani ya nyuzi iliyounganishwa mfululizo na soketi. Bodi yenye shoti ikiwashwa kupitia balbu hiyo, balbu inawaka kwa nguvu na bodi inasalimika. Fundi mwenye balbu hiyo amejifunza kutoharibu mali ya watu. Akikujibu vizuri na kuomba kidogo zaidi ya 1,200 kwa kapasita ya nne na upimaji, mpe. Bado uko mbali na 4,500.

Kuna hali moja ambapo bei ya bodi inaweza kuwa ya haki: ikiwa elektroliti imekula njia za shaba, au transfoma imekatika, au aisii imepasuka. Hayo aonyeshe kwa kidole, siyo kwa maneno. Na ikiwa baada ya matengenezo sauti inatoka lakini kioo ni cheusi, angaza tochi karibu na kioo. Ukiona picha hafifu, tatizo ni taa za nyuma ya kioo, ugonjwa mwingine kabisa wenye gharama yake.

Ikiwaka, usiifunge siku hiyohiyo na kusema imepona. Iache ifanye kazi saa mbili, kisha ichomoe ukutani jioni na uiache ilale baridi usiku mzima, kama ulivyokuwa ule usiku wa stima. Asubuhi, kabla jua halijaingia sebuleni, ichomeke na ubonyeze mara moja tu. Ikiwaka hapo hapo bila tik hata moja, rudisha skrubu.